Mwaka wa Korongo wa Jiwe

Simu ilinikuta nasahihisha madaftari ya darasa la sita, kazi ambayo sipendi kukatizwa, kwa sababu hasira ya kwanza ikishanitoka natoa maksi za huruma. Aliyepiga alikuwa binti mwenye sauti ya upole. Akajitambulisha kuwa ndiye mganga mfawidhi mpya wa kituo cha afya cha upande wa Dutwa, kile alichofanyia kazi pacha wangu. Wanajenga wodi mpya ya wazazi, akasema, na msingi unapita palepale alipokaa ndege. "Yule korongo wenu wa jiwe, mama. Tutamsogeza kidogo tu, hatua kama thelathini. Ila kwenye faili pameandikwa asiguswe bila mtu wa familia kuwepo." Nikamwambia nitakuja Jumamosi. Nilipokata simu nilibaki na kalamu nyekundu mkononi nikijiuliza nani alitaka maneno hayo yawekwe kwenye faili, maana mimi sikuyasema, na mama yangu, Mungu amrehemu, hakujua kuandika zaidi ya jina lake.

Korongo huyo ana miaka zaidi ya ishirini pale. Miaka yote hiyo, kila nilipopita Dutwa kwenda Lamadi niligeuza uso upande wa pili wa barabara, mpaka watu wa nyumbani kwangu wakadhani nakwepa jua. Sikuwa nakwepa jua. Nilikuwa naona aibu. Mwaka aliochongwa nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, na nilimdanganya mama yangu katika jambo ambalo mtu mwenye akili timamu hamdanganyi mama yake. Halafu nikasubiri anigombeze. Hakunigombeza, mpaka akafa mwaka juzi. Nimejaribu mara nyingi kuupanga mwaka ule kichwani kama ninavyopanga andalio la somo, utangulizi, kiini, hitimisho. Haupangiki. Nitausimulia hivyo hivyo, ovyo ovyo, kama ulivyokuwa.

Mimi ni Kulwa na yeye alikuwa Doto, na kwetu Usukumani ukishataja majina hayo hakuna anayeuliza zaidi. Habari za ukoo nitaziruka. Hazina tofauti na za wengine, ng'ombe wachache na ugomvi wa mipaka. Doto alikuwa nesi mkunga. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu nasubiri kupangiwa kituo, yaani nilikuwa nakula na kulala kwa mama, nje kidogo ya mji wa Bariadi, wakati huo bado tukihesabiwa watu wa mkoa wa Shinyanga. Doto alikufa kwa homa ya siku nne, msimu wa kuvuna pamba. Alhamisi alikuja nyumbani akilalamika kichwa, Jumapili hatukuwa naye. Mazishi siyakumbuki vizuri. Ninachokumbuka ni chumba chetu. Pamba ilikuwa imejazwa humo mpaka usawa wa dirisha ikisubiri soko lifunguliwe, kitanda kimesukumwa ukutani, na nilikaa pale ukingoni nikivuta vumbi la pamba huku wanawake wakilia uani. Mimi sikulia. Mama alikuwa amenikataza.

Alinikataza asubuhi ileile. Alinivuta ndani, akafunga mlango, akanishika mashavu kwa mikono miwili. "Wewe usimlilie, ng'wanone," alisema, na ng'wanone ni mwanangu. "Nyie ni mabasa, mapacha, mlikuja pamoja. Ukimlilia atageuka nyuma, na akigeuka atataka mwende wote." Nikaitikia kwa kichwa. Sikuelewa, lakini mama hakuwa mtu wa kuombwa maelezo. Matanga yalipokwisha, akaja chumbani na kibuyu kidogo, ukubwa wa ngumi mbili, amekiosha na kukiziba mdomo kwa pamba, amekivika kipande cha kitenge cha kijani cha Doto. Akakilaza upande wa Doto wa kitanda na kukifunika shuka. Zamani, aliniambia, pacha mmoja akifa mchanga, mama alimlazia yule aliyebaki kibuyu ubavuni ili asijione yuko peke yake. Sawa, lakini hayo yalikuwa ya watoto wachanga. Doto alikuwa na miaka ishirini na minne, cheti cha ukunga na viatu namba arobaini na moja. Mama hakuona tofauti yoyote.

Basi ikawa tunakula watatu. Mama alitandika mkeka, akaweka ugali wa mtama na nsansa, yale majani makavu ya kunde yaliyoungwa kwa karanga, siku nyingine furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaangwa, kisha akakileta kibuyu na kukikalisha kati yetu. Alikata tonge la kwanza, akalichovya mchuzi, akaliweka kwenye kisahani mbele yake. "Anza wewe," alikiambia. Alisema hivyo kwa sababu Doto, aliyezaliwa nyuma yangu kwa muda wa kuchemsha chai, maisha yake yote alilalamika kwamba Kulwa huanza kwa kila kitu. Sisi tulisubiri kidogo, kisha tukala. Tonge lile baadaye waliligombea kuku. Nami nilikaa nimekunja miguu, msomi mzima niliyefaulu saikolojia ya elimu, nikisubiri kibuyu kimalize kula. Sikujua nicheke au nikimbie. Usiku nikijigeuza kiwiko kinakigusa, naomba radhi kabla sijakumbuka ni nini. Wacha niseme wazi: nilikichukia kile kibuyu. Nilimtaka dada yangu mrefu aliyevaa nyeupe, ananipigia kelele nimpishe kwenye kioo, na badala yake nilipewa kitu cha kutunzia maziwa.

Mwezi wa tatu tangu tumzike, mganga mfawidhi wa wakati ule, Bwana Lucas, alikuja kutuona na manesi wawili, wote kwa baiskeli. Mama aliwapa chai na michembe, viazi vikavu vilivyochemshwa na karanga, na Bwana Lucas akala kwa adabu ya mtu anayetafuta pa kuanzia. Hatimaye akasema kituo kingependa kumkumbuka Doto, pengine kibao chenye jina lake mlangoni pa wodi. Mama akasema kibao mchwa watakila. "Mimi nitawapa jiwe. La kuchongwa. Likae pale wanapokaa akina mama wakisubiri." Bwana Lucas akashukuru sana, akauliza litachongwaje. "Kibuyu," alisema mama. Nesi mmoja alishusha kikombe. Mama akaendelea kumenya karanga, kwake maneno yalikuwa yamekwisha.

Niliwasindikiza mpaka kwenye mti walikoegesha baiskeli, nikabaki nyuma kidogo kufunga lango la zizi, na hapo ndipo nikawasikia. "Kibuyu hakipiti," Bwana Lucas alikuwa akiwaambia. "Weka kibuyu mbele ya wodi ya wazazi uone. Kesho watasema tumeajiri mganga wa kienyeji, keshokutwa wameanza kumwaga unga pale." Nesi mmoja akasema, "Si bora korongo? Si ndivyo tulivyokuwa tunamwita?" Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wenye huzuni. Kumbe walimwita Korongo, kwa ile miguu mirefu na gauni jeupe, jinsi alivyotembea uani akiinama kuangalia kila mgonjwa kama korongo anayeokota panzi mashambani. Miguu kama ile ninayo mimi pia, lakini mwenye gauni jeupe alikuwa yeye. Bwana Lucas alipogeuka na kuniona akanisogelea. "Mwalimu, wewe umesoma. Zawadi kwa taasisi ya umma inapita wilayani, lazima kuwe na barua na mchoro, na ieleweke haihusiani na imani yoyote. Kibuyu kitakataliwa, halafu mama ataumia mara mbili. Zungumza naye."

Sikuzungumza naye. Nilikaa chumbani nikichora korongo, nikafuta, nikachora tena, na kadiri nilivyochora ndivyo nilivyomtaka. Huyu ndiye Doto wangu, nilijiambia, huyu atasimama mbele ya watu kwa heshima, siyo kile kitu cha kulishwa ugali. Nikaandika barua safi: familia ya marehemu inaomba kutoa zawadi ya sanamu ya jiwe yenye umbo la ndege aina ya korongo. Jioni nikamsomea mama barua nzima, na pale palipoandikwa korongo nikasoma kibuyu. Alinisikiliza ameegemea nguzo ya jiko, macho yameelekea motoni. "Soma tena hapo pa jiwe," alisema. Nikasoma tena, kibuyu. Akachukua kalamu, akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, ulimi umemtoka kidogo pembeni ya mdomo. Nimeshuhudia watoto mia kadhaa wakiandika majina yao kwa mara ya kwanza, na kila mmoja ananikumbusha jioni ile. Huo ndio uongo wenyewe. Na nilipolala nilikigeuzia kibuyu mgongo.

Mchongaji alikuwa Mzee Mabula, mtengenezaji wa mawe ya kusagia, aliyeishi kwenye miamba nje ya Dutwa. Sanamu hakuwahi kuchonga. Lakini hakukuwa na mwingine aliyejua mawe yetu, ambayo ni magumu na yana visirani. Alipotaka kipande aliwasha moto juu ya mwamba tangu alfajiri, kisha akaumwagia maji ya baridi mpaka mwamba ukapasuka wenyewe, halafu akapita akigonga vipande kimoja kimoja na nyundo, sikio limeinama. Kinacholia kama kengele ni kizima. Kinacholia bubu kina ufa ndani hata kama huuoni. Alichagua kimoja, urefu wa mtoto wa miaka mitano, akakaa juu yake, ndipo akautazama mchoro wangu. "Mama yako alinitumia salamu anataka kibuyu," alisema. "Wewe unaniletea ndege. Jiwe ni moja, binti." Nikamwambia achonge ndege, mama nitamweleza mwenyewe. "Utamweleza lini?" Nitamweleza. Akaukunja mchoro na kuutia mfukoni. "Na miguu hii haiwezekani. Jiwe halina miguu myembamba. Atakaa chini." Kwa hiyo korongo wetu amekaa, ndiyo maana, kwa wale wanaouliza.

Nilikwenda pia kituoni kupima mahali pa kumweka, na siku hiyo nilivurugika zaidi kuliko siku nyingine zote. Nilikuwa nimeinama na kamba ya kupimia pale penye benchi la wasubiri, nikasikia kelele nyuma yangu. "Nesi Doto! Jamani, umerudi! Walisema umehamishwa!" Mwanamke mmoja, ametembea kutoka mbali, hakupata habari za kifo. Akanipakatisha mtoto kabla sijafungua mdomo. "Huyu ndiye yule aliyetangulia miguu. Mwone, ana meno mawili." Wenzake kwenye benchi waliojua wakainamisha vichwa. Mimi nilipaswa kusema. Badala yake nilimtazama mtoto, nikamwambia mama yake amelea vizuri, endelea kumnyonyesha, maneno niliyomsikia Doto akiyasema, tena kwa sauti yake, maana sauti zetu zilikuwa moja. Akaniambia wabeja, ahsante, wabeja sana, akaenda kupima uzito. Nikaacha kamba palepale nikaondoka. Njia nzima sikujua kama nilikuwa nimemrudisha dada yangu kwa dakika tano au nimemwibia. Hata leo sijui.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, korongo wenyewe wakaja, mamia, wakatembea kwenye mashamba yaliyolimwa nyuma ya majembe ya ng'ombe. Mzee Mabula alisema hawezi kuchonga mtu asiyemfahamu, akanitaka nimpeleke. Tukachuchumaa kwenye tuta, yeye na koti lake la mvua lililotoboka, akawatazama asubuhi nzima. Mwishoni akasema, "Wakila wanakuwa na haraka. Wakishiba wanavuta shingo ndani, wanatulia kabisa. Nitamchonga ameshiba." Nilitaka kumkumbatia. Siku zile mtu akisema neno moja lililonyooka nilikuwa namshikilia kama kipofu ashikavyo fimbo.

Wakati huo mama alianza kuuliza. Kibuyu kimefikia wapi? Mdomo ameutoa mzuri? Nami nikajibu kinaendelea, kinaendelea, na kila alipotaka kwenda kuona nikapata sababu: tope, mto umejaa, mzee anaumwa kifua. Halafu siku moja Mzee Mabula alikuja mwenyewe kuchukua mtamba wa ng'ombe waliyekubaliana na mama kuwa ujira wake. Nilijifanya kuchambua mchele chini ya dirisha la sebule, masikio yote ndani. Waliongea Kisukuma cha chini chini, mvua inapiga bati, nikapata vipande tu. Nilimsikia mama akisema, "Ukubwa wa viganja viwili vikikutana, basi." Nikamsikia mzee akisema, "Mayu," yaani mama, "hilo halinishindi." Kisha mama akacheka kidogo. Nikajua wanazungumzia jiwe jipya la kusagia, maana letu lilikuwa limechakaa. Mzee akatoka na mtamba wake, akanipita akanisalimu vizuri, na mama akaja kuniuliza mbona mchele ule umeshachambuliwa jana. Hakuwa na hasira hata kidogo. Nikamshukuru Mungu kwamba mzee ni mtu wa siri.

Wiki moja baadaye nilimkuta Mzee Mabula amempindua korongo, kichwa chini, anachimba tumboni. Nikapiga ukelele. "Tulia," alisema. "Jiwe lisipopunguzwa chini litavunja mkokoteni." Nikaona ni sawa, mimi najua nini kuhusu mikokoteni. Korongo alikuwa mzuri kuliko mchoro wangu. Mgongo mpana, shingo imezama mabegani, mdomo umelala kifuani, macho hayakuchongwa kabisa, ila kijishimo kidogo kila upande. Alimsugua kwa mchanga na maji mpaka mgongo ukawa laini, kifua akakiacha na makovu ya tindo. Nilimwekea mkono mgongoni. Jiwe lilikuwa na joto la jua. Hapo nikakumbuka nilivyokatazwa kulia.

Siku ya kukabidhi ilikuja na mimi bado sijamwambia mama. Nilipanga kumwambia usiku uliotangulia, nikashindwa. Nikapanga alfajiri, nikakuta ameshatoka, amekwenda na wenye ng'ombe mpaka kwa Mzee Mabula, anataka kupanda mkokoteni mmoja na jiwe. Nilikwenda kituoni moja kwa moja, nikapanga viti. Afisa kutoka wilayani alikuwepo, Bwana Lucas amevaa tai, akina mama wajawazito wamejaa benchi. Mkokoteni ulipoingia langoni nilimwona mama amekaa nyuma, miguu inaning'inia, mkono mmoja juu ya mgongo wa korongo. Jiwe halikuwa limefunikwa. Alikuwa amesafiri nalo saa nzima. Niliyatafuta macho yake. Aliniangalia, akaangalia pembeni, akaomba msaada wa kushuka. Vijana sita wakamteremsha korongo kwa kamba na kumkalisha kwenye saruji mbichi, na mama akawasimamia kwa ukali, polepole, msimwinamishe, hivyo hivyo. Afisa akatoa hotuba kuhusu uzalendo na usafi wa mazingira. Kisha mama akaambiwa aseme neno. Alisimama mbele ya korongo, khanga ameifunga kiunoni. "Wabeja," alisema. "Mtunzeni. Na asihamishwe bila sisi kuwepo." Watu wakapiga makofi. Bwana Lucas akatoa kalamu akaandika, nami nikayasahau hayo mpaka nilipoliona lile faili.

Nyumbani jioni ile mama alitandika mkeka. Ugali, maziwa ya mgando. Aliweka sahani mbili. Niliangalia mlango wa chumba, nikamwangalia yeye, akakata tonge akala. Nilikwenda chumbani nikijifanya natafuta kiberiti. Upande wa Doto wa kitanda ulikuwa umetandikwa vizuri, bapa, hakuna kitu. Nilitazama uvunguni, nikatazama nyuma ya magunia, nikatazama hadi kwenye majivu jikoni. Hakipo. Ilinipasa nifurahi, nilikuwa nimekichukia miezi tisa. Badala yake nilisimama pale jikoni nikiwa sijui nishike nini. Nilielewa jambo moja tu: mama ameona ndege mahali pa kibuyu chake, ameujua uongo wangu, na amekitupa, kwa sababu mtu ambaye pacha wake mwenyewe amemkana hana haja ya kulishwa tena. Sikuthubutu kuuliza. Yeye hakusema. Miezi mitatu baadaye nikapangiwa shule mbali, kusini huko, nikaenda, na nilipohamishwa nikarudi Bariadi tulikuwa tumeshazoea kutolitaja. Tulizungumza kila kitu kingine. Nilimuuguza mpaka mwisho, nikamwogesha kwa mikono hii, na hata siku za mwisho alipokuwa ananiita mara Kulwa mara Doto sikuuliza, nikaitikia majina yote mawili.

Jumamosi nilifika kituoni saa nne. Mganga mfawidhi mpya ni mdogo, wa umri wa kuwa mwanangu. Alinisalimu "Mwangaluka, mayu," akanionyesha faili, na kweli, mwandiko wa Bwana Lucas, wino umefifia: *Mama wa marehemu anataka asihamishwe bila familia.* Mafundi wanne walikuwa tayari na mitaimbo. Korongo ameota ukungu wa kijani upande mmoja, na mgongo umeng'aa kwa kukaliwa na watoto. Wakachimbua saruji ya pembeni, wakaingiza mitaimbo, wakahesabu, wakamlaza ubavu juu ya matairi mawili. Fundi aliyekuwa karibu akaruka nyuma. "Mama! Kuna kitu humu!" Wenzake wakaangalia, nao wakarudi nyuma, mmoja akasema uganga, mwingine akasema yeye hagusi, ana watoto. Akina mama wa benchi wakasimama wote. Mganga mfawidhi aliniangalia mimi.

Tumboni mwa korongo mlikuwa na shimo, ukubwa wa viganja viwili vikikutana. Ndani yake kibuyu. Kitenge kilikuwa kimegeuka rangi ya udongo, ila kwenye mikunjo kijani bado kinaonekana, na mdomo bado umezibwa na pamba, pamba ya mwaka ule. Nilipiga magoti. Basi mama alijua. Alijua tangu mzee alipokuja kuchukua mtamba, pengine tangu jioni ile aliponiambia nisome tena hapo pa jiwe. Aliniachia ndege wangu mbele ya watu wote, akamweka Doto wake ndani ya ndege huyo, akampandisha mkokoteni na kumshikilia njia nzima. Na kwa kuwa hakujua kuandika, alimwandikisha Bwana Lucas, ili siku kitakapotoka niwepo. Kwa nini hakuniambia tu? Tulikuwa na miaka ishirini ya kuzungumza. Tulichambua mchele pamoja. Kama alinisamehe, mbona aliniacha nigeuze uso Dutwa miaka yote hiyo? Au alidhani nami najua, kwamba mzee aliniambia, na kwamba kimya changu ni makubaliano? Nimelifikiria hili kila upande na sijapata jibu, na aliyekuwa nalo nimemzika.

Nililia. Nilimlilia Doto pale kwenye kifusi, kwa sauti, jinsi walivyolia wanawake uani siku ile, na mafundi wakavua kofia bila kujua wanamvulia nani. Sikuogopa kwamba atageuka nyuma. Nilitamani ageuke. Nilipotulia, binti mfawidhi alikuwa amechuchumaa kando yangu. "Pole, mama. Sasa hiki tukifanyeje? Niandike nini?" Nikamwambia aandike korongo amehamishwa, familia ilikuwepo. Na kibuyu kirudi mahali pake saruji mpya ikimwagwa, kwa mkono wangu, ila saruji ingemwagwa mchana, baada ya mafundi kula.

Mama lishe alileta ugali na dagaa kwenye sinia. Mafundi walikaa upande wa pili kabisa wa sinia, wakinitupia jicho. Nilinawa. Nilikiweka kibuyu kando yangu juu ya mfuko mtupu wa saruji, nikakata tonge la kwanza, nikalichovya, nikaliweka mbele yake.

"Anza wewe," nikamwambia.